Masikio ya Kilima

Kilimani, Kitai
Jumatatu, mchana

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kabla sijasema lolote, mjukuu wako Upendo sasa hivi amelala kifudifudi mlangoni, sikio kaligandisha chini kwenye udongo, kidole mdomoni, anawaambia kuku, "Nyamazeni! Nasikiliza." Kuku hawakunyamaza. Amewarushia kandambili yangu, imeangukia ndani ya sufuria ya maharage. Nimeiopoa, nimeisuuza, nimerudi kuandika. Basi hivyo ndivyo tulivyo. Tu wazima, tunakula, na mtoto ana vituko alivyojifunza kwa fundi wa hapa kazini.

Na wewe Mama, mguu unaendeleaje? Dawa ya kuchua niliyompa konda ilifika au ilishukia Mbamba Bay? Dagaa wetu usipa wameanza kuonekana, au ziwa bado limechafuka? Najua Tumaini ndiye anayekusomea. Tumaini mdogo wangu, soma polepole na usiruke mistari, hata pale ninapomsema Baba Mdogo.

Ninaandika kwa sababu juzi kwenye simu ulinikatia. Nilikuwa bado nasema "Mama, subiri," nikasikia imekufa. Nilipopiga tena haikupokelewa. Ulisema nirudi Chiwanda, na kama sirudi basi nimlete mtoto, na kama simleti nisikuite Mama tena. Mimi nimekuita Mama hapo juu na nitaendelea kukuita, utanisamehe. Lakini naomba unisikilize mpaka mwisho, maana karatasi huwezi kuikatia.

Kwanza hilo la Baba Mdogo, kwamba dereva wa bodaboda kamwambia huku tunatunza mabomu ya nyuklia. Mama, hakuna bomu. Lingekuwepo bomu wangeweka askari mwenye bunduki, wasingeniweka mimi na fyekeo. Kuna uzio wa waya, kibanda cha bati chenye mashine ndani, na sola juu ya paa. Nje kuna mabomba mengi yamelala kwenye nyasi, yametawanyika kutoka katikati kama miguu ya buibui. Yana matundu madogo madogo ambamo hewa inaingia. Fundi Festo, ambaye ndiye anayeitunza mashine, anasema bomu kubwa la namna hiyo likilipuliwa, hata ng'ambo ya bahari, hewa inatikisika mpaka huku, ila mtikisiko wenyewe sikio la mtu haliusikii. Mabomba yanausikia. Ndiyo maana sisi tunayaita masikio. Yanasikia na mengine. Radi zikipiga huko ziwani kwenu, mashine inachora mistari. Mimi humuuliza Festo asubuhi, "Kwetu kukoje?" Anaangalia mistari yake, ananiambia, "Leo kwenu kumechafuka." Mama, huwezi kujua ninavyofurahi. Ni kama nimepata salamu.

Vituo kama hiki vimetapakaa dunia nzima. Nchi zilikaa zikaandika mkataba kwamba asiwepo mtu wa kujaribu tena bomu la nyuklia, iwe angani, iwe chini ya ardhi, iwe baharini. Anayejaribu kwa kificho, vituo vinamsikia. Hiyo ndiyo kazi ambayo Baba Mdogo anasema ni ya mabomu. Ni kinyume chake kabisa, mwambie.

Na nikuambie kwa nini mimi nimeing'ang'ania. Siku moja nilikuwa nimekaa kibarazani nanyonyesha, Festo akanisimulia habari za visiwa fulani vya mbali, zamani, bomu lilipojaribiwa karibu navyo. Majivu meupe yalianguka kama unga. Watoto wakatoka nje wakayachezea, wakajipaka mwilini, kwa sababu mtoto ni mtoto, na hakuna aliyewaambia mama zao. Baadaye ngozi, na nywele, na maradhi ya miaka mingi. Akaniambia hata Afrika yetu hii, kwenye jangwa la kule kaskazini, wazungu walikuja kujaribia mabomu yao, wakaondoka, wenye jangwa wakabaki na maradhi. Nilimtazama Upendo, amelala na titi mdomoni. Tangu siku hiyo sijaiona tena kuwa ni kazi ya kufyeka nyasi tu.

Sasa Mama, hasira zangu.

Mkataba wenyewe, tangu mimi sijazaliwa, haujaanza kufanya kazi rasmi. Nchi nyingi zimesaini na kuuridhia, na sisi Tanzania tumo, zamani tu. Lakini zipo chache ambazo lazima ziuridhie ndipo uanze, na miongoni mwake ni hizo zenye mabomu yenyewe. Hazijafanya hivyo. Zinasema zitafikiria. Na vituo vinaendeshwa kwa michango ya nchi zote, kila moja kwa uwezo wake. Sasa wengine wanachelewa, wengine wanatoa nusu, wengine wanajivuta. Wakijivuta huko, huku Kitai nyasi zinaota.

Wiki mbili zilizopita alikuja bwana mmoja wa ofisini na gari lake. Akatuita mimi na Festo, akasema fedha za kufyekea hazipo, labda baadaye. Akasema Alhamisi hii wanakuja wakaguzi. Kwa kuwa fedha hazitoshi vituo vyote, kile ambacho hakisikii vizuri ndicho kitakachozimwa kwanza.

Nikamuuliza, "Samahani mzee, wasiolipa ni wao, mbona wa kuzimwa ni sisi?"

"Mama, hilo ni la ngazi za juu."

"Na kazi yangu?"

"Na hilo ni la ngazi za juu."

Kila nikiuliza ni ngazi za juu! Mimi nakaa kileleni, juu ya hapa kuna wingu tu. Nilitamani nimwambie hivyo, nikameza. Festo alinikanyaga mguu, maana ananijua.

Sasa utasema, si ufyeke tu mwanangu, wewe si una mikono? Mama, mabomba ni mengi, na siyo kufyeka peke yake. Mvua za huku zinaleta udongo, unaziba matundu, na kila tundu lazima lisuguliwe kwa brashi. Mtu mmoja mwenye mtoto mgongoni hawezi kumaliza kabla ya Alhamisi. Festo naye mgongo wake haukunjiki, hupanda kibandani kwa kujishika ukutani. Mume wangu Deo yuko Songea kwenye ujenzi, hatoki mpaka mwisho wa mwezi. Walikuwepo akina mama wa hapa kijijini, kikundi kizima, wanaojua kila bomba lilipo. Hawaji. Na kosa ni langu. Hili sijakuambia Mama, wala Deo sijamwambia.

Mwaka jana mvua zilikuwa kali. Huku siyo kama kwetu ufukweni, huku ni miteremko mitupu, ikinyesha siku mbili udongo unashuka bondeni. Ukaondoka chini ya mabomba, mengine yakabaki yananing'inia. Festo alikuwa Songea anafuata kipuri. Mwenye funguo nilikuwa mimi. Nikamwendea mama mkwe, maana ndiye kiongozi wa kile kikundi, nikamwambia, "Mama, udongo unaondoka, tufanyeje?" Akaja, akautazama mteremko kama nesi anavyotazama ulimi wa mgonjwa. Akasema, "Hili ni shamba kama mashamba mengine. Tuachie." Nami nikamwambia, "Basi fanyeni mnavyojua ninyi." Yakumbuke hayo maneno, Mama. Ni yangu mimi.

Wamatengo wa huku wana kilimo chao wanakiita ngolo. Wanafyeka majani, wakishakauka wanayapanga kwa miraba mteremko mzima. Halafu wanawake wanachimba katikati ya kila mraba, na udongo wanaoutoa wanaufunika juu ya yale majani. Panabaki mashimo katikati na matuta pembeni. Maji yakija yanatulia shimoni, udongo hauendi popote. Ukiutazama mlima kwa mbali unaona kama trei ya mayai. Babu zao walilima hivyo na mlima haujawahi kuwashuka.

Basi walifanya siku tatu. Waliimba. Hawakudai nyongeza hata kidogo. Mabomba yote wakayalaza ndani ya matuta, chini ya majani na udongo, vizuri kabisa, yasisombwe. Na juu yake wakapanda maharage, maana ndivyo inavyofanywa. Mimi mtoto wa ziwani najua nini? Nikaona shamba limependeza, nikafunga geti.

Kumbe huko ofisi kubwa ng'ambo wakaona kilima chetu kimekuwa kiziwi. Hata radi hakisikii. Wakadhani mabomba yameibwa. Festo akarudi mbio, akasimama getini ameshika kichwa. "Mama Upendo! Masikio yako wapi?"

Mama mkwe ndiye aliyemjibu, tena kwa fahari. "Yako chini, baba. Hayatasombwa tena. Na maharage yakikomaa utaletewa."

Festo alicheka mpaka akakaa chini. Lakini kesho yake akaja yule bwana wa ofisini, na yeye hakucheka. Akawapanga akina mama mstari kama watoto wa shule, akauliza, "Nani aliruhusu upuuzi huu?"

Mama, nilikuwepo. Funguo zilikuwa mfukoni mwangu. Nikainama nikaanza kumfunga Upendo kiatu ambacho tayari kilikuwa kimefungwa. Niliogopa kazi. Mama mkwe akanitazama, akangoja, akaona sisemi. Akasema, "Ni mimi."

Yule bwana akasema mbele ya watu wote, "Ndiyo hasara ya kuwaachia wasiosoma mali ya dunia nzima."

Walifukua kwa mikono kutwa nzima, ili wasitoboe bomba kwa jembe. Maharage yalikuwa yameanza kuchipua, wakayang'oa. Walipomaliza mama mkwe akatoka, akasugua miguu yake kwenye nyasi nje ya geti, akasema, "Uzio huu sitauvuka tena." Na kikundi chote kikasema vivyo hivyo. Ofisi ikaleta vijana wa Kitai stendi, wakafyeka kwa fedha. Fedha zilipokatika nao wakakatika. Huo ni mwaka mzima sasa. Mama mkwe anamchukua Upendo, anamlisha, anamsuka, anamrudisha hadi mlangoni, na mimi ananipita kama mti. Deo huwa ananiuliza, "Wewe na mama mna nini?" Nasema hatuna kitu.

Ndiyo maana juzi kwenye simu nilikuwa nakujibu vibaya. Siyo wewe uliyenikasirisha. Nilikuwa nawakasirikia hao wakubwa wasiochanga, na huyo bwana wa ngazi za juu, na zaidi ya wote nilikuwa najikasirikia mwenyewe. Ulipokata nilikaa nikafikiri, nikasema, za hao wa ng'ambo sina uwezo nazo, hii ya kwangu ninao.

Basi jana Jumapili, baada ya ibada, akina mama walikuwa wamekaa nje ya kanisa wanasubiri jumuiya ianze. Nikaenda nikapiga magoti mbele ya mama mkwe, kwenye changarawe. Nikasema kwa sauti, wote wasikie, "Mama, aliyesema mfanye mnavyojua ni mimi. Yule bwana alipouliza nikanyamaza. Ukaibeba aibu yangu mwaka mzima. Nisamehe."

Kisha Mama Oresta, yule jirani yetu mwenye mdomo, akasema, "Yaani mwaka mzima! Na ndizi nilikuletea!"

"Nilizila, Mama Oresta," nikasema. Wengine wakacheka, mama mkwe hakucheka.

Kwa kuwa nilikuwa tayari chini, nikamalizia. Nikawaambia habari za wakaguzi, na kwamba malipo hakuna, na kwamba sitawadanganya, sijui kama yatakuja. Nikawaambia na habari za mkataba kama nilivyokuambia wewe. Mama Oresta akauliza, "Kwa hiyo hao wenye mabomu ndio wanaotakiwa kuchangia kuzuia mabomu?"

"Hao na wengine wote. Hata sisi."

"Sasa hiyo ni harusi gani? Bwana harusi mwenyewe haji kanisani, na bado anadaiwa mchango wa ukumbi!"

"Na bibi harusi kaketi tangu huyu Dora hajazaliwa," akadakia mwingine, akininyooshea kidole.

"Basi si ataozea hapo hapo!"

Wakacheka sana. Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti, changarawe zinanichoma. Nikasema, "Mcheke tu, lakini wapishi tukiondoka jikoni, siku bwana harusi akija atakuta nini?" Sijui nilitoa wapi hayo maneno. Mama mkwe akasimama, akakung'uta kitenge chake, akasema, "Nimesikia." Neno hilo moja tu, Mama. Akaenda zake ndani kwenye jumuiya. Na huyu mama mkwe, ukimwomba chumvi anasema nimesikia, ukimwambia nyumba inaungua anasema nimesikia. Huwezi kujua.

Sikupata usingizi mzuri. Alfajiri nikambeba Upendo nikaenda na fyekeo na brashi, nikaacha geti wazi, labda watakuja. Jua likatoka. Nilisafisha bomba moja, nikaanza la pili. Kila nikisikia nyayo njiani nainua kichwa, ni watu wanaenda mashambani kwao. Mahindi nayo yana magugu, siwalaumu. Nani aache shamba lake akasugue matundu ya watu wasiomlipa, tena waliomtukana? Saa nne nikafunga geti, nikarudi kumpikia mtoto. Nimelia kidogo Mama, halafu nikachukua karatasi.

Kwa hiyo nimekubali. Umeshinda. Sitamleta mtoto peke yake, tutakuja wote wawili. Deo nitampigia jioni. Alhamisi wakaguzi wataona nyasi, wataandika wanachoandika, na masikio yatazimwa. Sitaki kuwepo wanapoyazima. Kinachoniuma siyo mshahara peke yake, ingawa na huo unauma. Ni kwamba siku mtu huko mbali akijaribu bomu lake kwa siri, majivu yakaangukia watoto wa mtu, kilima hiki kitakuwa hakikusikia, na sababu itakuwa ni nyasi. Nyasi tu, Mama! Siyo kwamba dunia haina fedha. Fedha za kutengeneza hayo mabomu wanazipata wapi, mbona hatusikii kwamba zimechelewa?

Lakini nikifika nyumbani nakuomba usiniambie "nilikuambia." Niambie tu karibu, nipe usipa wa kukaanga, niache nilale siku mbili. Halafu nitaamka nitafute kingine cha kufanya. Upendo atajifunza kuogelea, na mimi nitarudi kwenye kuanika usipa na wewe, sijasahau. Bado naamini kuna siku hao wakubwa watakaa wamalize, hata kama mimi sitakuwa na funguo. Sijui kwa nini naamini, ila naamini.

Nisalimie Bibi, mwambie kitukuu wake wa kike amerithi masikio yake makubwa. Msalimie Baba Mdogo pamoja na kelele zake zote, najua anasema kwa sababu ananipenda na kwa sababu hana kazi ya kufanya mchana. Msalimie mama mlezi wa kwaya aliyenifundisha kushika kalamu vizuri, mwambie bado naandika herufi kubwa mno. Jirani yetu anayetuuzia mihogo, mwambie jembe lake bado ninalo. Na wewe Tumaini, asante kwa kusoma, kazana shuleni usiishie njiani kama mimi.

Barua hii nampa konda wa basi la kesho. Basi mwambie Baba Mdogo Jumamosi asogee Mbamba Bay na baiskeli, atusubiri stendi. Mizigo siyo mingi, ni godoro, sufuria mbili, nguo za mtoto na lile sanduku la

Ngoja Mama, kuna mtu ananiita huko getini, anaita kwa fujo.

Ni mama mkwe! "Mama Upendo! Umetufungia ili turuke juu ya waya kama mbuzi? Jana si ulisema wewe ni mpishi? Lete funguo, na brashi zije zote!" Nachungulia hapa dirishani, yuko na Mama Oresta, na nyuma yao kikundi chote, wametoka mashambani na majembe yao na matope miguuni, na Festo anawakimbilia na mgongo wake ule ule. Mama, hayo ya Jumamosi yafute, Baba Mdogo asitoke, mwambie sisi bado tu